DAMA wanasema wameigusa maada nyeusi: kipimo kipi cha kuamini?

Chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, kando ya handaki la barabara kuu, kuna chumvi inayomweka gizani. Chukua kilo 100 za chumvi hiyo, uhesabu mimweko yake hafifu kwa siku katika dirisha moja jembamba la nishati: utapata kama 100. Mwezi wa Juni utapata kama 101. Desemba, kama 99. Juu ya mmweko huo mmoja unaozidi na kupungua umejengwa ubishi wa zaidi ya robo karne: je, binadamu ameshaigusa maada nyeusi, ile maada isiyotoa mwanga wala kuuzuia, au bado?

Timu ya DAMA, wenye chumvi hiyo, inasema ameshaigusa. Hakuna timu nyingine iliyolithibitisha dai hilo. Mwenye kufuatilia mambo haya hubaki njia panda, maana kila upande una chombo chake, mwamba wake wa kujifichia na tarakimu zake, na tarakimu zote zinasomeka kama za kweli. Ulinganisho huu ni wa kumsaidia mtu huyo, awe mwanafunzi wa fizikia anayetafuta pa kuelekeza nguvu zake, mwalimu anayeulizwa darasani, au msomaji anayetaka kujua ategee sikio upande gani. Zipo njia tatu za kulipima dai la DAMA, na hazina uzito sawa. Msimamo wangu nausema mapema: dai hupimwa kwanza kwa kitu kilekile kilichotumika kulitoa. Chombo kikubwa zaidi na kitulivu zaidi kinaweza kuwa bora, lakini mara nyingi kinajibu swali jingine.

Dai lenyewe

Tangu Fritz Zwicky alipopima mwendo wa magalaksi ya kundi la Coma mwaka 1933, na hasa baada ya Vera Rubin na Kent Ford kupima mzunguko wa magalaksi katika miaka ya 1970, wanaanga wamejua kwamba uzito wa vitu vinavyoonekana hautoshi kuzishika nyota mahali pake. Takriban asilimia 85 ya maada yote ya ulimwengu haitoi mwanga wala haiuzuii. Kama maada hiyo imeundwa kwa chembe, basi chembe hizo zinapita hapa tulipo sasa hivi, ndani ya kuta na ndani ya miili yetu, bila kugonga chochote isipokuwa mara chache mno.

Jua letu linazunguka ndani ya Njia Nyeupe kwa karibu kilomita 230 kwa sekunde, likikata katikati ya chembe hizo kama jahazi linalokwenda dhidi ya upepo. Dunia nayo inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, lakini njia yake imelala upande kwa nyuzi 60 hivi, kwa hiyo ni nusu tu ya kasi hiyo inayoongezeka au kupungua. Mwanzoni mwa Juni tunaelekea mbele kwa karibu kilomita 245 kwa sekunde, mwanzoni mwa Desemba kwa karibu 215. Baharia angesema pepo za omo zinakaza Juni na kulegea Desemba. Kigunduzi kinachogongwa na chembe hizo kingehesabu zaidi Juni, kikapungua Desemba, kikarudia hivyo mwaka baada ya mwaka, kujaa na kupwa.

Kujaa na kupwa huko ndiko timu ya DAMA, iliyoongozwa na Rita Bernabei wa Chuo Kikuu cha Roma Tor Vergata, inasema inakuona tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Walianza na karibu kilo 100 za fuwele za sodiamu iodaidi, ndugu ya chumvi ya mezani. Mwaka 2003 wakapanda hadi karibu kilo 250 na kuuita mtambo huo DAMA/LIBRA. Chembe ikigonga kiini cha atomi ndani ya fuwele, fuwele hutoa mmweko, na mirija ya kukuzia mwanga iliyofungwa kwenye ncha zake huugeuza kuwa umeme unaosomeka. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2021 yalijumlisha tani-miaka 2.86, yaani tani za fuwele zikizidishwa kwa miaka ya kusubiri, na uhakika wa wimbi lao ulifika sigma 13.7. Katika fizikia ya chembe, sigma 5 hutosha kutangaza ugunduzi. Hapo uwezekano wa kuchezewa na bahati ni kama mmoja katika milioni tatu na nusu.

Kwa hiyo hakuna mtu makini anayesema DAMA wameota. Wimbi lipo, na linafika kilele karibu na tarehe inayotarajiwa, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kinachobishaniwa ni wimbi la nini.

Vitu vinavyobadilika na majira ni vingi. Joto la mwamba hubadilika, gesi ya radoni inayovuja kutoka ardhini hubadilika, hata mvua ya muoni, chembe zinazozaliwa juu angani na kupenya ardhini, hubadilika: kiangazi cha Ulaya hewa ya juu hupata joto na kutanuka, na muoni zaidi huzaliwa na kupenya hadi chini ya mlima. DAMA wamelijibu hilo la muoni vizuri, nami nawapa haki yao. Muoni zinazofika Gran Sasso ni chache mno, na kilele chao huja mapema Julai, zaidi ya mwezi mmoja baada ya kilele cha DAMA. Lakini kukanusha sababu moja baada ya nyingine hakumalizi kazi, kwa sababu huwezi kuikanusha sababu usiyoiwazia. Dawa ni mtu mwingine, mahali pengine, na chumvi ileile.

Njia ya kwanza: chumvi ileile, mlima mwingine

Ni rahisi kusema, ni kazi ngumu kufanya. Kutengeneza fuwele za sodiamu iodaidi zilizo safi kama za DAMA kumewashinda watu kwa miaka mingi. Timu mbili ndizo zilizofika mbali, na hapa naziweka kando ya DAMA wenyewe:

| | DAMA/LIBRA | COSINE-100 | ANAIS-112 |
|---|---|---|---|
| Mahali | Gran Sasso, Italia | Yangyang, Korea Kusini | Canfranc, Hispania |
| Mwamba juu yake | mita 1,400 | mita 700 | zaidi ya mita 800 |
| Fuwele | karibu kilo 250, vipande 25 | kilo 106, vipande 8 | kilo 112.5, vipande 9 |
| Ilianza kukusanya data | 2003 | 2016 | 2017 |
| Mimweko kwa siku, kwa kilo, kwa keV | takriban 1 | takriban 3 | takriban 3 |

Mstari wa mwisho ndio wa kuutazama kwa makini. Herufi keV zinasimama badala ya kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati ya mmweko, na hesabu iliyomo ni ya kelele: mimweko isiyohusiana na maada nyeusi, inayotokana na uchafu nururifu ndani ya fuwele zenyewe. Kwa usafi, DAMA wanawashinda wapimaji wao, na atakayekuficha jambo hilo hakutendei haki. Kelele zikiwa mara tatu, unahitaji data mara tatu ili uwe na uhakika uleule. Ndiyo maana majibu ya COSINE na ANAIS yalichukua miaka, na ndiyo maana sigma zao hazifikii 13.

Mchafuzi mkuu ni potasiamu, ileile iliyomo kwenye ndizi. Sehemu ndogo ya potasiamu yote ya asili ni potasiamu-40, ambayo ni nururifu, na inapooza huacha mmweko wa karibu keV 3.2. Dirisha ambamo DAMA wanaliona wimbi lao ni kuanzia keV 2 hadi 6. Umeona tatizo: mchafuzi ameketi katikati ya sebule. Kwa bahati nzuri potasiamu hiyo hutoa pia mwale mkali wa gama kwa wakati uleule. COSINE walizizamisha fuwele zao ndani ya lita 2,200 za kimiminika kinachomweka kikipigwa na gama, kwa hiyo potasiamu ikijitokeza ndani ya fuwele, kimiminika kiliisemea, na mmweko huo ukatupwa. DAMA hawana kimiminika hicho. Wao hutegemea gama iigonge fuwele ya jirani. Kwa kipengele hiki chombo cha Korea kilikuwa bora, ingawa fuwele zake zilikuwa chafu zaidi.

ANAIS, kazi ya Chuo Kikuu cha Zaragoza, wako chini ya mlima Tobazo katika Pirenei, kando ya handaki la zamani la reli kati ya Hispania na Ufaransa. Wao nguvu yao ni utulivu. Fuwele zao tisa, tatu kwa tatu, zimezungukwa kwanza na risasi ya kale iliyoyeyushwa karne nyingi zilizopita. Sababu yake inanipendeza kila nikiifikiria: risasi mpya ina kiasi cha risasi-210, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 22 hivi, kwa hiyo risasi iliyokaa karne kadhaa imeshajisafisha yenyewe. Ndani ya ngome hiyo walianza kukusanya data Agosti 2017, na katika kutafuta wimbi la mwaka, utulivu ni nusu ya ushindi.

Matokeo yao? COSINE walichapisha kwanza mwaka 2018, kwa data ya siku 59.5 tu, wakaonyesha kwamba chembe nzito za aina iliyodhaniwa kwa kawaida haziwezi kuwa chanzo cha wimbi la DAMA. Hilo lilikuwa kipimo cha nusu, kwa sababu lilitegemea dhana kuhusu chembe hizo. Kipimo kamili ni kulitafuta wimbi lenyewe bila kudhani lolote, na kwa hilo ilibidi kusubiri. Kwa data ya miaka sita, ANAIS hawakuona wimbi, na walitofautiana na DAMA kwa sigma 4 katika dirisha la keV 1 hadi 6, na sigma 3.5 katika dirisha la keV 2 hadi 6. COSINE, kwa data yao ya zaidi ya miaka sita, nao hawakuliona, wakitofautiana na DAMA kwa zaidi ya sigma 3. Timu hizi mbili zilipounganisha data zao za miaka mitatu mitatu ya mwanzo, tofauti ilifika sigma 4.7 katika dirisha pana zaidi.

Timu mbili, mabara mawili, milima miwili, vifaa vilivyojengwa na mikono tofauti, na jibu moja. Kwangu hapa ndipo mzani unapolala.

Lakini kuna jaribio jingine la COSINE ambalo halizungumzwi vya kutosha, nami naliona kuwa somo zuri kuliko sigma zote hizo. DAMA, wanapotafuta wimbi, huchukua wastani wa mimweko ya kila mzunguko wa mwaka mmoja hivi na kuutoa, kisha hutazama kilichobaki. Mwaka 2020 wananadharia kadhaa waliuliza: je, kama kelele zenyewe zinapanda au kushuka polepole kwa miaka? Mstari ulioinama, ukiukata vipande vya mwaka mmoja mmoja na kutoa wastani wa kila kipande, huacha umbo la meno ya msumeno. Msumeno wenye meno ya mwaka mmoja mmoja, ukiutazama kwa mbali, unafanana sana na wimbi la mwaka.

COSINE hawakubishana kwa maneno. Walichukua data yao, wakaipitisha katika njia ileile ya DAMA, na wimbi likajitokeza kweli, pale ambapo hapakuwa na wimbi. Hapo angekuwa mtu mwenye haraka angepiga kelele kwamba DAMA wameumbuka. Wao waliandika ukweli wote: wimbi lililojitokeza lilikuwa limepinduka, kilele mahali pa bonde. Kelele za COSINE zinashuka kadiri uchafu unavyooza, na mteremko hutoa msumeno wa kinyume. Ili njia hiyo izae wimbi la DAMA, kelele za DAMA zingelazimika kupanda mwaka hadi mwaka, jambo lisilo la kawaida kwa uchafu unaooza. Kwa hiyo chanzo cha wimbi la DAMA bado hakijajulikana. Timu inayochapisha matokeo yanayoidhoofisha hoja ambayo ingeipendelea, timu hiyo naiamini hata pale nisipoweza kukagua hesabu zake.

Njia ya pili: zenoni ya kimiminika

Hapa tunaingia kwa wakubwa. Zenoni ni gesi adimu iliyomo hewani. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 100 chini ya sifuri huwa kimiminika kizito, kinachomweka kikigongwa. Chombo cha LZ, katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake huko South Dakota, Marekani, kina tani 10 za zenoni, tani 7 zikiwa ndani ya eneo la kupimia. XENONnT, palepale Gran Sasso walipo DAMA, ina tani 5.9 katika eneo hilo. PandaX-4T iko Jinping, China, chini ya mita 2,400 za mwamba.

Ukilinganisha na fuwele, zenoni ina faida mbili kubwa. Ya kwanza, hutoa ishara mbili kwa kila mgongano: mmweko wa papo hapo, kisha elektroni zilizobanduliwa huvutwa juu na umeme na kutoa mmweko wa pili. Uwiano wa mimweko hiyo miwili unasema kama kilichogongwa ni kiini cha atomi, kama maada nyeusi inavyotarajiwa kufanya, au ni elektroni, kama gama zinavyofanya. Fuwele za DAMA zina ishara moja tu, mwanga, na kwa mimweko hafifu namna hiyo hazitenganishi vizuri hivi na vile. Ya pili, muda kati ya mimweko miwili na mahali ilipoonekana hukuambia mgongano ulitokea wapi ndani ya pipa, kwa hiyo unaweza kutupa yote ya pembezoni ambako uchafu hujazana, ukabaki na kitovu kilicho kimya.

Ukimya huo umewapa uwezo wa ajabu. LZ walitangaza mwaka 2024 matokeo ya tani-miaka 4.2, hakuna kitu. Nao walijilinda dhidi ya macho yao wenyewe: ndani ya data waliingiza matukio bandia, wakayaita chumvi, na wachambuzi hawakuambiwa yapi ni ya bandia hadi uchambuzi ulipokamilika.

Mtu anaweza kuuliza: kiziwi naye hasikii kitu, tutajuaje kwamba vyombo hivi si viziwi? Jibu lilikuja mwaka 2024. XENONnT na PandaX-4T, kila mmoja kwa wakati wake, walipata dalili za kwanza za neutrino, chembe nyepesi mno zisizogusa karibu chochote, kutoka Jua zikigonga viini vya zenoni, mguso hafifu kupita kiasi. Vyombo hivi vinasikia.

Sasa, zinawapima DAMA vizuri kiasi gani? Inategemea. Kiini cha zenoni kina uzito wa 131 hivi, cha iodini 127. Hao ni karibu mapacha. Kama wimbi la DAMA linatokana na chembe nzito zinazogonga iodini kwa njia ya kawaida, zenoni ingeshaziona siku nyingi, tena kwa wingi. Tundu hilo limezibwa. Lakini sodiamu, yenye uzito wa 23, haina pacha ndani ya pipa la zenoni. Tena, sodiamu na iodini zina protoni isiyo na mwenzi, huku atomi za zenoni zinazofaa kwa kipimo hicho zina neutroni isiyo na mwenzi. Maada nyeusi inayoguswa na spini ya protoni, yaani namna protoni inavyojizungusha, ingeweza kuiona chumvi na kuipita zenoni. Tundu hili nalo limebanwa na mtambo wa PICO-60 huko SNOLAB, Kanada, unaotumia florini kwenye kimiminika kinachotoa mapovu. Utaona mtindo wa hoja: kila mara unahitaji chombo kingine na dhana nyingine. Mwenye kutetea DAMA huhamia tundu linalofuata. Kwa chumvi dhidi ya chumvi, matundu hayo hayapo tangu mwanzo.

Lipo jambo moja ambalo zenoni imewashinda wote, nalo ni namna ya kushughulikia dai la kwako mwenyewe. Mwaka 2020 timu ya XENON1T ilihesabu matukio 285 katika dirisha la chini la nishati ilipotarajia 232. Dunia nzima ilianza kuandika kuhusu aksioni, chembe za kinadharia ambazo bado hazijaonekana, kutoka Jua. Wao wenyewe, katika chapisho lilelile, waliandika kwamba huenda ni chembechembe chache za tritiamu, haidrojeni nururifu, ndani ya zenoni yao. Kisha wakajenga XENONnT, wakapunguza kelele hadi moja ya tano, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba ziada ile haipo tena. Waliitoa ishara, wakaipima, wakaizika, katika miaka miwili.

Njia ya tatu: baridi kali

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kwa swali la DAMA njia hii bado haijatoa hukumu. Fuwele hupozwa hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho inayowezekana, kiasi kwamba mgongano mmoja huinua joto lake kwa kiwango kinachopimika. Unapata joto na mwanga, au joto na umeme, kwa hiyo unaweza kutofautisha kiini na elektroni kama kwenye zenoni, tena kwa nishati ndogo zaidi. Ubaya ni uzito: gramu na kilo, si tani.

Historia yake ina onyo. CRESST, Gran Sasso pia, walihesabu matukio 67 mwaka 2011, mengi kuliko kelele walizozijua. Ikaja kufahamika kwamba vibanio vilivyoshika fuwele vilikuwa na uchafu wa poloni: ukioza, chembe ya alfa ilipotelea kwenye kibanio bila kuonekana, huku kiini cha risasi kikirushwa ndani ya fuwele na kujifanya maada nyeusi. Walipobadilisha muundo, mwaka 2014, ziada ikapotea. CDMS nao waliona matukio matatu katika silikoni mwaka 2013, dhidi ya kelele ya chini ya tukio moja. Vipimo vilivyofuata havikuyaunga mkono.

Ndani ya njia hii kuna COSINUS, mtambo wa Gran Sasso ulioamua kuipoza sodiamu iodaidi yenyewe. Ukifanikiwa, utakuwa na chumvi ya DAMA pamoja na uwezo wa kutambua kilichogongwa. Kwa uchaguzi wa leo bado ni mgeni. Kwa anayeanza shahada ya uzamili sasa, ningemwambia auangalie.

Doa kwenye chumvi

Nimeisifu njia ya kwanza. Sasa niseme dosari yake. Kiini cha sodiamu kikigongwa, sehemu ndogo tu ya nishati hugeuka mwanga. DAMA walipopima zamani walipata asilimia 30 kwa sodiamu na 9 kwa iodini. Vipimo vya baadaye vya timu nyingine vilipata kiwango cha chini zaidi kwa sodiamu, tena kinachoshuka kadiri nishati inavyopungua. Kama tofauti hiyo ni ya fuwele zenyewe na si ya namna ya kupima, basi dirisha la keV 2 hadi 6 kwa DAMA si dirisha lilelile kwa ANAIS. Mgongano mmoja ungesomeka kwa namba mbili tofauti katika fuwele mbili.

Mtetezi wa DAMA akikuletea hoja hii usiicheke. Ni hoja ya kweli, na COSINE waliichukua kwa uzito: walishusha kizingiti cha nishati ili waweze kulinganisha kwa nishati ya kiini kilichogongwa, badala ya mwanga uliotoka. Hata hivyo wimbi halikuonekana.

Upande wa uwazi nao una uzito kwangu. ANAIS wameweka data yao ya miaka mitatu hadharani, yeyote anaweza kuipakua na kurudia uchambuzi. DAMA hawajaweka data ghafi yao wazi namna hiyo. Dai la sigma 13.7 ambalo mtu wa nje hawezi kulifungua na kulitazama ndani linanipa shida, hata nikiuheshimu uvumilivu wa miaka yote ile chini ya mlima.

Basi uchague ipi

Kama swali lako ni lile la kwanza, je, DAMA wameona maada nyeusi, fuata ANAIS na COSINE. Usipoteze muda na hoja za zenoni katika mjadala huo. Zitakupeleka kwenye dhana za wananadharia, na mpinzani wako atakuwa na dhana nyingine mfukoni. Jibu la leo la njia hiyo ni hapana, kwa uhakika unaozidi sigma 4, na chanzo cha wimbi la DAMA bado ni fumbo.

Kama unauliza maada nyeusi nzito itaonekana wapi kwanza, kama ipo, weka macho kwa LZ, XENONnT na PandaX-4T. Kama unaamini chembe hizo ni nyepesi sana, zenoni hupungukiwa nguvu na mitambo ya baridi kali kama CRESST ndiyo yenye nafasi. Na kama wewe ni mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti ya kubahatisha, anza na data ya wazi ya ANAIS. Chora mimweko kwa siku, jaribu kupitisha mstari unaoshuka, kisha jaribu kupitisha wimbi. Mchana mmoja wa kazi hiyo utakufundisha kuhusu kelele kuliko mihadhara mingi.

Kuna kipimo kingine ninachokisubiri, nacho kinatuhusu sisi tulio kusini mwa ikweta kuliko tunavyodhani. Hoja nyingi dhidi ya DAMA zinasimama juu ya majira: joto, radoni, muoni, vyote hufuata kiangazi na baridi. Lakini majira yamepinduka huku kwetu. Juni, Gran Sasso ni jua kali. Juni, Makete, kusini mwa Tanzania, ni kipupwe na watu wamejifunika makoti. Pepo za maada nyeusi hazijui kaskazini wala kusini, kilele chake ni Juni kila mahali. Mradi wa SABRE umeandaliwa kwa pande zote mbili, mtambo mmoja Gran Sasso na mwingine katika mgodi wa dhahabu wa Stawell, jimbo la Victoria, Australia, zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi. Wimbi likionekana Stawell na kilele chake kikaangukia Juni, katikati ya baridi yao, nitarudi hapa na kuandika upya kila kitu. Kikiangukia Desemba, tutajua ni majira. Wasipoliona kabisa, itabaki chumvi ya Gran Sasso peke yake, inahesabu 101 na 99.